Nilipowekwa Kwenye Bima ya Mke Wangu

Mwezi uliopita alinipigia simu mama mmoja wa Malindi anayefanya kazi katika shule ya serikali huko Dubai. Hatujuani, namba yangu alipewa na mtu. Mumewe ana baridi yabisi kama mimi, vidole vimeanza kuvimba, na bima ya kampuni yake hailipii dawa anayoihitaji. Bima ya kazi yake yeye mama inailipia.

"Kaka," akaniuliza, "wewe ulikubali kuwekwa kwenye viza ya mkeo ili upate bima yake. Ulijuta?"

Nilianza kumjibu, nikaona jibu ni refu, na mkono wangu hauwezi kushika simu muda mrefu. Nikamwambia nitaandika polepole nimtumie. Basi haya ni yake, na ni ya yeyote mwingine aliyekaa kwenye viti vile vya hospitali akisubiri namba yake iitwe.

Mimi si daktari. Ukitaka kujua ugonjwa huu unatoka wapi, muulize daktari wako, naye huenda akakwambia hajui, kama wangu alivyoniambia. Nitasema yaliyonipata tu.

Ulianza msimu wa baridi, ile miezi mizuri ambayo watu wa Dubai hutoka kula nje na watoto wao. Nilikuwa msimamizi wa ghala la spea za magari mtaa wa Al Qusais. Mke wangu Rehema, mtu wa Tanga, alikuwa nesi katika zahanati ya mtu binafsi. Tulipanga chumba kwenye fleti tuliyokaa na familia nyingine mbili, jiko moja, friji moja. Binti yetu Mwanaidi tulimwacha Tanga kwa bibi yake. Mpango wetu ulikuwa Rehema amalize mkataba, arudi nyumbani afungue duka la dawa, mimi nibaki kidogo kisha nimfuate. Tulikuwa tumeuzungumza mpango huo mara nyingi mno, hadi rangi ya milango ya duka tulikuwa tumeshakubaliana.

Asubuhi moja nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyeshika barafu. Nilidhani ni kiyoyozi, nikakizima. Kesho yake hali ikawa ileile, na keshokutwa. Kufika adhuhuri vidole hulegea, nikajiambia yamekwisha, na alfajiri nikaamka mkono umefumba hautaki kufumbuka.

Zahanati walinipa dawa za maumivu. Nikazila hadi tumbo likaanza kulalamika. Kazini nilikuwa nikijificha. Boksi la breki ambalo zamani nililinyanyua huku nikiongea na simu, sasa nililisukuma kwa kiwiko. Mwenzangu ghalani, Mhindi wa Kerala aitwaye Shaji, aliliona jambo hilo kabla sijalisema. Wakati wa chakula alikuwa akichukua chupa yangu ya maji, anaifungua, anairudisha mbele yangu, huku akiendelea kuzungumza habari za kriketi. Hakuwahi kuniuliza kitu, nami sikuwahi kumshukuru kwa maneno.

Mwili hubadilika upesi kuliko unavyoweza kuuzoea. Mswaki nikaushika kwa ngumi. Ngazi za stesheni ya metro nikazipanda kwa kutanguliza mguu mmoja, kama mtoto. Msikitini nikaanza kuswali juu ya kiti, mwanamume wa miaka thelathini na nane, nimepangwa safu moja na wazee. Ya chooni sitayasema. Mwenye ugonjwa huu anayajua, na mkewe anayajua. Rehema alikuwa anaoga, ananiogesha, ananivalisha, kisha anavaa sare yake na kwenda kuuguza watu wengine.

Miaka ile Dubai ilikuwa imeanza kumlazimisha kila mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake. Kampuni yangu ilitii, ikatukatia ile ya chini kabisa. Kwa homa na jino ilitosha. Kwangu mimi, kila kitu kilihitaji idhini. Unapelekwa kwa daktari wa viungo, unasubiri idhini. Unaandikiwa picha ya mikono, unasubiri idhini. Nilikaa sana kwenye kile chumba cha kusubiri, kina televisheni isiyo na sauti na viti vya bluu vilivyounganishwa, mwenzako akitikisa mguu na wewe unatikisika. Dirishani alikuwapo binti wa Kifilipino. Kila akiniona nainuka hunipungia mkono nikae, yeye mwenyewe akaja hadi nilipo.

"Samahani, sir," ananiambia. "Wamekataa tena."

Alikuwa akisema kwa upole kana kwamba aliyekataa ni yeye na anaona haya.

Daktari wa viungo alikuwa mama wa Kisudani mwenye sauti ndogo. Aliniwekea picha ya mikono yangu kwenye taa, akanionyesha sehemu zilizoanza kulika.

"Vidonge hivi vinapunguza moto," akasema. "Havitauzima. Wewe unahitaji dawa ya dripu, na bima yako haina dripu hiyo. Mfupa ukishaliwa, haurudi."

Akaniongezea vidonge vya kupunguza uvimbe. Vilisaidia kidogo, lakini uso wangu ukafura, shingo ikapotea, tumbo likachomoza. Mwanaidi aliniona kwenye simu akafurahi. "Baba umenenepa," akasema. "Dubai kuna chakula kingi."

Rehema aliomba kazi hospitali ya serikali bila kuniambia. Alipoipata alinionyesha barua akiwa amesimama mlangoni, bado na viatu, na ni mara ya kwanza kwa miezi mingi nilimwona akitabasamu kwa meno yote. Alikuwa ameshauliza, akaambiwa akimaliza miezi ya majaribio ataingizwa kwenye bima ya serikali, na bima hiyo inalipia dripu.

Sote wawili tulidhani mke akishapata, mume anaingia naye. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nasema wazi: kwetu sisi ndoa peke yake haikutosha. Pengine kwako masharti ni mengine. Uliza mapema, na uombe ujibiwe kwa maandishi.

Tulikuwa jikoni aliponieleza, anakaanga vitunguu, nami nimeegemea friji.

"Baba Mwanaidi, nimekwenda kuulizia," akasema. "Wanamlipia mume aliye kwenye ukaazi wangu. Wewe uko kwenye ukaazi wa kampuni, kwa hiyo wanasema kampuni ndiyo yenye jukumu lako."

"Kwa hiyo niache kazi."

"Uache kazi, viza yako ifutwe, mimi niwe kafili wako, mdhamini wa viza yako. Na kwenye viza hiyo hutaruhusiwa kufanya kazi yoyote."

"Sawa," nikasema.

Akageuka kunitazama. "Sawa tu?"

"Mama Mwanaidi, nimechoka. Wakisema niwekwe kwenye viza ya paka, nitakubali."

Hakucheka. Alizima gesi, akafunika sufuria, akaingia chumbani. Siku zilizofuata hakulitaja tena jambo hilo. Nikadhani anaogopa maneno ya watu, mume kuwekwa na mke, nikawa namfariji kwa jambo lisilomsumbua. Waache waseme, nikamwambia, maneno yao hayavunji mfupa, wangu unavunjika wenyewe.

Ijumaa moja baada ya swala tulikaa kwenye benchi karibu na stesheni, maana chumbani kwetu ukuta ulikuwa mwembamba.

"Unadhani naogopa watu," akasema. "Siogopi watu. Nilikuwa narudi nyumbani mwakani."

Akaendelea bila kunitazama.

"Nikishakuweka kwenye viza yangu, kazi siwezi kuiacha. Mgongo ukiniuma, siwezi. Mkubwa wa wodi akinifokea, siwezi. Mwanaidi akilia kwenye simu, siwezi. Dawa yako itakuwa inaishi ndani ya kazi yangu."

"Basi tusifanye," nikamwambia.

"Usiniambie hivyo." Hakupandisha sauti. "Ukisema hivyo, mimi ndiye nitakayekuwa nimekataa."

Treni ikapita juu yetu, ikaja nyingine. Nilitaka kumshika mkono, lakini siku ile hata kushikwa kulikuwa kunaniuma, naye alijua, akaweka mkono wake juu ya goti langu, kwa mbali, bila uzito.

"Tutafanya," akasema. "Ila nilitaka ujue ninachotoa. Nisije nikakidai siku moja, ukashangaa."

Habari zikafika Mombasa. Mama yangu akapiga simu, nami nikaiweka kwenye spika kwa sababu ya vidole.

"Salim, nasikia umeacha kazi, unakaa ndani, unalishwa."

"Si kulishwa, mama. Ni bima."

"Na hao wanaume wengine wa Dubai, wote wanawekewa bima na wake zao?"

Rehema akainama kwenye simu. "Shikamoo mama. Mwanao leo hawezi kukamua ndimu. Ngoja apate dawa. Akipona nitakurudishia mzima, ukitaka umwoze mwingine."

Kisha mama akacheka, cheko la mtu asiyetaka kucheka, na tangu siku hiyo akawa anauliza kwanza habari za Rehema ndipo aulize zangu.

Ofisi ya kupigisha chapa fomu za viza ilikuwa na foleni hadi nje, na nje ni Julai. Mpiga chapa alipokea hati zetu, akaanza kujaza jina langu mahali pa kafili bila kuuliza, kwa mazoea tu. Rehema akagonga kioo kwa kucha.

"Hapana. Mimi juu, yeye chini."

Yule bwana akacheka, akatutazama, akaacha kucheka, akafuta.

Sasa sikia jambo ambalo ningelijua mapema ningekuwa na vidole viwili zaidi leo. Siku viza ya kampuni ilipofutwa, bima ya kampuni nayo ilikufa, na ya Rehema haikuwa imezaliwa. Mke kumchukua mume kulihitaji kibali cha pekee, na kibali hakikuja. Tuliambiwa wiki ijayo, kisha baada ya sikukuu, kisha inshallah. Vidonge vikaisha. Vile vya uvimbe havitakiwi kukatwa ghafla, Rehema alikuwa akinigawia nusu, halafu robo, hadi pakiti ikawa tupu. Nawe ukifikia hapo, chukua dawa za kutosha kabla hujaruhusu mtu yeyote afute chochote.

Mwili ukalipuka. Goti la kulia likajaa likawa kama dafu. Nikawa nalala nimeinua mikono juu ya mto kama mtu anayeomba dua, kwa kuwa hata shuka ilikuwa nzito. Rehema akitoka kazini alinikuta nilivyokuwa alipoondoka. Jirani yetu wa fleti, mama wa Kiganda anayesafisha maofisi, ndiye aliyekuwa akiniletea uji mchana na kuninywesha, huku amegeukia ukutani ili nisione haya. Mwishowe tukaenda dharura kwa teksi, tukalipa wenyewe, wakalivuta maji goti kwa sindano. Kibali kilitoka baada ya hapo. Kufikia siku hiyo vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika, na hivyo havijanyooka hadi leo.

Kadi ya bima ilikuja joto linaanza kupungua. Ilikuwa na jina langu, na chini yake jina la Rehema kama mwajiriwa. Niliiweka kwenye pochi mahali ilipokuwa kadi ya kazi.

Kabla ya dripu walinipima kifua kikuu na mengine, nikasubiri tena, ila safari hii nikisubiri kitu kilichokuwa kinakuja. Chumba cha dripu kilikuwa na viti vikubwa vya kuegemea. Nesi aliweka kitambaa cha moto juu ya mkono wangu kwa muda mrefu, mshipa ukapanda wenyewe, hakunidunga mara mbili. Kiti cha jirani alikaa mzee mwenyeji, kanzu nyeupe, naye amefungwa dripu yake. Aliposikia nikisema na Rehema kwenye simu akanigeukia.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Mombasa, mzee."

"Mie nimezaliwa Unguja, mtaa wa Malindi pale. Mkwe wangu hajui kupika pweza. Nyinyi Mombasa mnamtia nazi mwanzo au mwisho?"

Tulizungumza pweza hadi chupa zetu zikaisha. Katika muda wote huo sikuufikiria ugonjwa, na tangu siku hiyo nikapenda kumkuta, ingawa mara nyingi hatukupangiwa siku moja.

Dripu ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nililala usiku kucha. Baada ya ya tatu, mchana mmoja niko peke yangu jikoni, nikachukua chupa ya maji kwenye friji, nikazungusha kizibo, kikatoa mlio wake mdogo. Nikasimama. Nikachukua nyingine, nikaifungua. Nikazifungua zote, zetu na za jirani.

Rehema akarudi, akafungua friji. "Nani kafungua maji yote haya?"

"Mimi."

Alikaa chini sakafuni hapohapo na mkoba begani, mlango wa friji uko wazi, akalia hadi friji ikaanza kupiga kengele.

Ningeishia hapo, lingekuwa simulizi zuri la bima. Lakini yule mama wa Malindi aliniuliza kama nilijuta, na nusu nyingine ya jibu inaanzia hapa.

Uso wangu ulirudi. Nikaacha kiti msikitini, ingawa kusujudu bado nilikwenda kwa hatua. Nikawa mtu wa nyumbani: napika, nafua, napiga pasi sare zake. Nilipima miaka kwa dripu, moja kila baada ya wiki nane: mbili au tatu ndani ya baridi, zaidi ya hizo ndani ya joto. Na kadiri nilivyonyooka, Rehema alikunjika. Alihamishiwa wodi ya wagonjwa wasiojiweza, wa kugeuza na kunyanyua. Mgongo ukaanza. Akawa anavaa mkanda ndani ya sare, akirudi nyumbani analala juu ya zulia, anatazama dari. Mwaka wa kurudi Tanga ulipita. Ukapita na uliofuata. Mwanaidi akawa anamwita bibi yake mama, na sisi anatuita kwa majina yetu, kama ndugu wa mbali wanaotuma nguo.

Siku moja nilimwambia Rehema aombe likizo ya ugonjwa. Nilisema kwa wema. Alikuwa akivua soksi.

"Nikiumwa wataanza kuniandika," akasema. "Wakiniandika sana wataniacha. Wakiniacha, mimi na wewe tunaondoka siku moja, na dripu yako inabaki hapa. Salim, mimi ndiyo dripu. Hujaona?"

Hakuwa ameniita Salim tangu Mwanaidi azaliwe. Hakuomba radhi, na sikuona kosa. Alinionya pale stesheni kwamba siku hii ingefika.

Ziara iliyofuata nilimuuliza daktari kama naweza kuachishwa dripu.

"Watu huniomba kuanza," akasema. "Kwa nini wewe unataka kuacha?"

"Mke wangu amechoka."

Aliandika kitu, akaweka kalamu. Alisema ugonjwa umelala muda wa kutosha, tunaweza kujaribu kurefusha nafasi kati ya dripu na dripu, nikiendelea na vidonge vya kila wiki ambavyo hata Tanzania vinapatikana. Hakuniahidi. Alisema unaweza kuamka wakati wowote, na ukiamka niwahi.

Tukarefusha. Baridi ile nilikuwa nafumbua mkono kila alfajiri kabla sijafumbua macho, nikiupima. Vidole vilikuwa vizito kidogo, lakini vilifunguka. Joto likaja, vikafunguka. Nikamwambia Rehema.

"Na ukirudiwa?" akauliza.

"Nitarudiwa nikiwa Tanga."

"Huko hakuna mtu wa kukulipia dripu."

"Najua."

"Unajua, au unasema tu?"

"Nilikuwa mgonjwa Dubai miaka yote hii, Mama Mwanaidi. Najua ninachotoa."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyomtazama mgonjwa anayedai yu mzima. Kisha akauliza kama ile hospitali ya mkoa ina daktari wa viungo. Tukaanza kutafuta.

Viza yangu ilifutwa kwanza, yake ikafuata. Sasa tuko Tanga. Duka la dawa halijafunguliwa, milango haijapakwa rangi. Vidonge nanunua, damu napima, ugonjwa ulininyanyukia mara moja wakati wa mvua, ukatulia. Mkono wa kulia ni huu, na ndio ulioandika haya.

Kwa hiyo dada yangu wa Malindi, mimi sikujuta, na ningekuwa mpumbavu kujuta, kwa maana ninatembea. Lakini umemuuliza asiye mhusika. Anayewekwa kwenye bima ni mumeo, anayewekwa rehani ni wewe. Usitie saini ukiwa kimya. Mketi mahali, umwambie unachotoa, akisikie chote, naye asikujibu upesi. Kisha kama bado unataka, mtie kwenye viza yako, na Mungu ampe afya.

Tulipofika Tanga, Rehema aliingia chumbani kwa mama yake, akalala. Mchana ukapita, akaamka akaswali, akalala tena, na Mwanaidi, ambaye alikuwa amemwonea haya stendi, akaenda akajilaza pembeni yake. Majirani walikuja kumwona, nikawapokea barazani.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala," nikawaambia. "Njooni kesho."

Kesho yake wakaja, nikawaambia vilevile.